Picha za Nyambura

Jumatatu, 3 Machi
Kazini, majani ya nyanya kama kawaida. Hadubini hupiga picha tabaka kwa tabaka na kuzifunga zote kwenye faili moja. Kazi yangu kuzitoa moja moja. Nyumbani Kitengela, Wambui ananyonyesha huku akilia. Binti wetu wa pili, mdogo wake Wangari, tumempa jina la mama yake Wambui, marehemu Nyambura, na hatuna hata picha moja ya kumwonyesha. Mchwa walimaliza albamu ikiwa kwa Njeri, dadake, kule Embulbul. Njeri anasema alikuwa ameshaziskani zote, lakini faili aliyotuma ina keki ya harusi pekee. Wambui anamwita mwongo. Hawasemezani.

Jumanne, 4 Machi
Mjinga mimi. Leo ndipo nimeangalia ukubwa wa ile faili. Keki moja haiwezi kuwa nzito hivyo. Kurasa zingine zimo ndani, sawa na tabaka za jani. Simu hufungua ule wa kwanza tu. Sijamwambia Wambui. Naogopa kumpa tumaini kisha nimnyang'anye.

Alhamisi, 6 Machi
Keki. Keki. Keki. Niliandika programu mbio mbio, ikatoa folda nzima ya keki. Nikamshuku Njeri, nikampigia kwa hasira. Akanijibu: "Shemeji, mimi mwenyewe ndio niliweka Mum kwa hiyo mashine ya kuskani." Namwamini.

Ijumaa, 7 Machi
Kosa ni langu. Programu ilikuwa ikihesabu kurasa bila kuzifungua, ikihifadhi ule wa kwanza kila mara. Mstari mmoja tu ulikosekana. Haraka haraka haina baraka, na miaka yote hii nalipwa kwa kazi hii hii.
Keki. Kanisa. Kisha mama mwenye kitambaa kichwani, anacheka, amembeba Wambui mchanga. Nimelia. Nikampelekea Wambui simu jikoni, picha ikiwa wazi.

Jumapili, 9 Machi
Hatukuenda kanisani. Njeri alikuja; Wambui ndiye aliyempigia. Walikumbatiana mlangoni muda mrefu, kisha wakakaa kitandani wakilinganisha picha na mtoto. Pua, paji, kidevu. Walitafuta sana.
"Hawafanani hata kidogo," Wambui akasema. "Huyu ni wa kwenu kabisa, Baba Wangari."
Wakanicheka. Nilifurahi kuchekwa. Kisha Wambui akaisogeza simu karibu na uso wa mtoto.
"Nyambura, salimia Nyambura."
Mtoto alikuwa amelala.