Tumbo Ni Lile Lile

Shoga, umeme umekatika na mizani niliyopewa kwenye utafiti imelia "tii" gizani. Ni binti yangu anairukia. Machozi yamenitoka hapo hapo.

Wamenitoa kwenye utafiti wa dawa ya unene. Siamini.

Mtafiti kanikalisha. Eti maana ya unene wa kupindukia imebadilishwa. Kilo pekee hazitoshi, mpaka kiuno kipimwe na mwili uonyeshe madhara. "Wewe si mgonjwa tena, dada. Hongera."

Hongera, shoga. Na magoti haya niliyomwendea nayo nikichechemea?

Nikamuuliza, basi dawa imesaidia? Akainamisha kichwa. "Zamani hatukupima viuno, kwa hiyo hatuwezi kulinganisha mlivyokuwa na mlivyo sasa. Idadi ya wanene itapungua kwenye ripoti tu, kwa sababu ya maana mpya."

Kwenye ripoti tu. Na mimi nilivumilia kichefuchefu chote kile ili huyu mtoto, aliyenirithi umbo, akute jibu. Jibu lenyewe ndilo hilo, hatujui.

Sasa kanilalia tumboni. Nimemwambia mama si mnene tena, wamesema wenyewe. Kanipapasa kwanza, taratibu.

"Mama, tumbo ni lile lile."