Abiria Ni Mzigo Tu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie na mimi leo, nimekwama. Nakusoma kila Alhamisi nikinywa kahawa, na nisikufiche, nimewahi kuwacheka wanaokuandikia, nikajisemea mimi yangu siwezi kuyaanika gazetini, mtaa huu unavyopenda maneno, sasa zamu imenifikia mwenyewe na hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, naishi hapa Ypsilanti na mume wangu Norbert, ambaye amestaafu kiwandani, na tangu alipostaafu makazi yake ni gereji. Halewi, wala hana mwanamke mwingine, na afadhali angekuwa na mwanamke mwingine ningejua pa kwenda kupiga kelele, lakini huyu ana gari. Ni Chevelle ya mwaka sabini, ile ile aliyokuwa nayo tulipokuwa wachumba, ambayo watoto walipoanza kuzaliwa tuliifunika turubai tukaambiana tutaifufua wakishaondoka nyumbani, na mimi mshauri niliingoja siku hiyo pengine kuliko yeye.

Nikueleze kwa nini. Gari lile lilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, kinatoka mlango huu mpaka mlango ule, na msichana aliyependwa hakukaa dirishani, alikaa katikati, bega kwa bega na dereva, na kila aliyewaona alijua hawa wana jambo lao. Jumamosi jioni tulikuwa tunakwenda kuzunguka barabara ya Woodward, vioo vyote chini, injini inaunguruma mpaka unaisikia kifuani, Norbert ananiambia, "Hebu shika usukani nivue koti," nami nashika, na koti havui, anataka tu niegemee upande wake, na mimi najua na yeye anajua kwamba najua. Sijawahi kuwa karibu na mtu maishani kama nilivyokuwa karibu na kijana yule kwenye kiti kile. Nimekitamani miaka yote nikiendesha gari kubwa la familia huku watoto wanapigana nyuma, na hata sasa nikiandika haya nakitamani, mtu mzima mimi, bibi wa wajukuu.

Basi alipostaafu akavuta turubai, nami nikafurahi nikamwokea pai ya cheri, nikajua sasa tunarudi. Kumbe mwenzangu ana safari yake. Hataki gari la kutembelea, anataka gari la kukimbiza kwenye uwanja wa mbio Jumamosi na kuendea dukani Jumatatu, ndivyo anavyosema kila anayemuuliza, kwa hiyo amelifumua lote, breki za zamani zimetoka zimeingia za diski kubwa kama sahani za Krismasi, giaboksi ni nyingine, springi na shokapu ni za kupandisha na kushusha kwa spana, na ndani amechomelea mabomba ya chuma ya kuwalinda watu kichwa gari likipinduka. Kila jioni anakuja rafiki yake Lyle, anayekaa mtaa wa nyuma, na kazi yao wawili hao ni kupunguza uzito. Zulia limetoka, redio imetoka, hita imetoka, na Michigan hii unaijua Januari ilivyo.

Siku moja nikawapelekea soseji za kuchoma, nikawakuta wameinamia ndani ya gari hawanioni.

"Na kiti hiki kirefu?" Lyle akauliza.

"Kinatoka," mume wangu akasema, wala hakuinua kichwa.

"Upande wa abiria tunaweka nini?"

"Acha kwanza pawe wazi."

"Afadhali," Lyle akasema. "Abiria ni mzigo tu. Hasukumi, likizima hashuki, na kazi yake ni kukwambia punguza mwendo." Akageuka akaniona nimesimama na sahani. "Shemeji, sikusemi wewe, namsema abiria."

Na Norbert akacheka. Nilingoja aseme neno, hata la utani, akacheka tu akachukua soseji. Nikaweka sahani juu ya pipa la oili nikarudi ndani, na toka siku ile sijakanyaga gereji, na akinipigia kelele "njoo usikie injini inavyoita sasa" namwambia nina chungu jikoni, hata kama jikoni hakuna chungu.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa Lyle kurudisha bakuli la mkewe, nikakiona kiti changu kwenye baraza yao, kimewekwa ukutani kama benchi, na mbwa wao mnene amelala katikati, pale pale pangu, hata hakunyanyua sikio. Mkewe Lyle akaniambia kaa basi tunywe soda, nikamwambia nina haraka, nikalia njiani mpaka nikapita nyumba yangu mwenyewe.

Haya yote ningeyameza. Lakini juzi nilikuwa naosha vyombo akaingia, grisi mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni kama mtu wa kuomba ruhusa, akasema, "Mama, una uzito wa ratili ngapi siku hizi?"

Siku hizi, mshauri. Nikamuuliza, "Siku hizi maana yake nini?"

"Maana yake sasa."

"Kapime gari lako, Norbert."

"Si ndilo ninalopima," akasema, akatoka.

Kesho yake asubuhi nikachungulia kwa dirisha la jikoni, nikaona gereji na milango ya gari viko wazi, gari limepandishwa juu ya mizani minne, kila tairi na mzani wake, na upande wangu, kwenye sakafu tupu kiti kilipotolewa, amepanga mifuko ya mchanga. Mimi nimeng'olewa kwa sababu ni mzito, halafu pale pangu panawekwa mchanga. Nimeshindwa kuelewa nimekosa nini kwa mwanamume huyu.

Dada yangu Marlys yuko Knoxville, ni mjane, ana chumba kitupu na ameniita mara nyingi. Jumamosi ya wiki ijayo Norbert analipeleka gari uwanjani kwa mara ya kwanza, ataondoka alfajiri, na mimi nimeshapanga nguo zangu kwenye sanduku na liko chini ya kitanda. Nataka akirudi asinikute. Simchukii, hilo ndilo linaloniumiza, namtamani akiwa hatua chache kutoka jikoni kwangu, na nimechoka kumtamani mtu ninayemfulia soksi. Niambie, mshauri, niende au nibaki?

Ni mimi, Asiye na Kiti, Ypsilanti.

*

Asiye na Kiti,

Pole. Hiyo ndiyo pole yako, ipokee vizuri, maana yaliyobaki ni ya kukugombeza.

Kwanza ondoa aibu. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa kutaka kukaa bega kwa bega na mume wake si upuuzi wala si utoto. Wako wengi wanaolala kitanda kimoja na mtu na wala hawamtamani, na hawaniandikii kwa sababu hawana cha kuandika. Wewe bado unaye moyoni. Hiyo ni mali, usiifiche chini ya kitanda pamoja na sanduku.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu mchanga. Mimi nimeolewa mara mbili, mara zote mbili na waume wa mbio za magari, mmoja ni marehemu na mwingine yuko hapa sebuleni ananisumbua, kwa hiyo mizani minne naijua. Gari la uwanjani likishapata springi za kupandisha na kushusha, hupandishwa kwenye mizani ili uzito ugawanyike sawasawa, lisije likayumba kwenye kona. Na hupimwa likiwa na uzito wa watu watakaokaa ndani. Gari la mtu mmoja hupimwa na uzito wa mtu mmoja, basi. Hakuna fundi wa mbio, awe mjinga namna gani, anayehangaika miezi kung'oa zulia na redio halafu akapanga mifuko ya mchanga upande wa abiria kwa kuchezea. Mchanga ule ni mtu. Na kwa kuwa siku iliyotangulia mumeo aliingia jikoni kuuliza ratili zako, ukamfukuza, mimi naona mtu huyo ni wewe, umekisiwa kwa macho kwa sababu ulikataa kusema.

Na hilo neno lako "siku hizi" ulilolibeba kama jiwe, mama, mwanamume alitaka hesabu ya leo. Angetumia ya siku ya harusi yenu springi zingekaa vibaya.

Simtetei. Norbert ana makosa yake, na kama anasoma hapa, asome. Mwanamume mzima unaingiaje jikoni na grisi kwenye viwiko ukamuuliza mkeo uzito wake bila kumwambia ni wa nini? Ulishindwa kusema, "Nataka nikuchukue uwanjani"? Ulidhani atajua? Na rafiki yako alipomwita mzigo mbele yako, meno ulikuwa nayo ya kucheka, ulimi uliupeleka wapi? Wanaume wa gereji wana ugonjwa huu, wanaongea na chuma mchana kutwa, wakifika kwa mtu maneno yamekwisha. Lakini, Asiye na Kiti, na wewe umenyamaza vilevile. Umeniandikia mimi kurasa na kurasa za Woodward na koti lisilovuliwa. Yeye umempa soseji. Kila alipokuita ukasikie injini ulimwambia una chungu. Katika barua yako yote sikuona mahali hata pamoja ulipomwambia mume wako kwamba unataka kukaa ndani ya gari lile.

Kuhusu kiti kirefu nitakwambia ukweli, na utauma. Hakirudi. Gari lenye nguvu ile, na breki zile, na mabomba yale ya chuma kichwani, haliwezi kuwa na mtu katikati, kwa sababu katikati hapana mkanda wa kumshika, na gari likibiringika ndiye wa kwanza kuumia. Anayekupenda hakukalishi hapo kwa mwendo ule. Utakaa upande wako, kwenye kiti cha peke yako, umefungwa mikanda mabegani na kiunoni, una helmeti, na neno lake hutalisikia. Bega kwa bega kule kumekwisha, dada yangu, na kijana yule mwenye koti amekwisha pia, na msichana aliyeshika usukani. Walilie. Hata mimi nimewalilia kidogo nikisoma. Halafu futa machozi, kiti mwachie mbwa, kwa sababu mzee aliyebaki gerejini ni mume wako na yuko hai.

Kuhusu Knoxville, dada yako ni wako, nenda ukamtembelee, ukae naye hata wiki tatu mle na kucheka. Lakini uage. Kuondoka Jumamosi ile wakati mwenzio yuko uwanjani, akirudi na furaha yake akute nyumba tupu, huo ni uoga umevaa nguo za hasira, na wewe si mwoga, mwoga haandiki barua kama hii.

Naweza kuwa nimekosea. Sikai kichwani mwa Norbert, na kama nilivyosema, humo hamtoki maneno mengi. Labda atakwambia mchanga ule ulikuwa wa kujaribu tu na kiti cha pili hakipo na hakitakuwepo. Basi utakuwa umelisikia kwa masikio yako, kutoka kinywani mwake, na sanduku utalitoa chini ya kitanda mchana, mbele yake. Ila usiondoke kwa sababu ya jibu ulilojijibu mwenyewe dirishani.

Fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Leo akiwa gerejini, vaa viatu, usibebe sahani wala kisingizio chochote, nenda. Kama Lyle yuko, mwambie arudi kwake, na utamwambia kwa sauti ya shemeji mkubwa, usimbembeleze. Mwambie Norbert azime injini, uwe na uhakika anakusikia. Usianze na mbwa, usianze na soseji. Weka mkono pale palipo wazi useme, "Nataka kukaa hapa." Uombe na Jumatatu ya dukani, hiyo ni haki yako, uwanjani kama utaogopa mwendo ni hiari yako. Akishaelewa, atashika kalamu na kukuuliza tena lile swali. Mtajie ratili zako, za siku hizi, usipunguze hata moja, maana ukimdanganya gari litayumba kwenye kona na mtakuwa ndani wote wawili.

Bi Henrietta