Karatasi Namba 41

Jumatatu, 4 Machi
Mtaalamu mpya wa nyasi kafika leo. Ni mdogo wangu! Huyu huyu niliyemfunga nepi. Mkuu wa hifadhi kamkaribisha kwa makofi: sasa tumepata mtu anayezijua nyasi. Sasa! Miaka kumi na tisa napima viwanja kumi na viwili kwa fremu ya mbao niliyoipigilia misumari mwenyewe. Aina sitini na tatu nimezikausha kwenye magazeti, kila moja na karatasi yake yenye namba na kibandiko cha jina. Nilikuwa nani? Mfyekaji.

Lenzi kaitundika shingoni kama mkufu. Dereva wa trekta keshampa jina: Jicho la Tatu. Wote wakacheka, na yeye akacheka. Siku moja tu, ana jina. Mimi hadi leo ni "wewe wa panga".

Jumanne, 5 Machi
Nimemtembeza. Nikampa ndago makusudi, nimwone. Akaliviringisha shina vidoleni: "Lina pembe tatu, dada. Hii si nyasi." Kweli, si nyasi. Mimi kulijua hilo nilichukua miaka miwili, kwa kuwatazama kwale wakifukua vile viazi vyake. Yeye — sekunde nne.

Akauliza kwale wanafukua wapi. Nikasema sijui. Najua. Kiwanja cha tatu, upande wa bwawa. Lenzi imwoneshe.

Mama kapiga simu: mshike mkono mdogo wako, kazi ni ngeni kwake. Mimi alinishika nani?

Alhamisi, 7 Machi
Langoni litawekwa bango kubwa la nyasi na wanyama wake. Matete — ndege mnana wanachana majani yake kusukia viota. Ukoka — pundamilia huufuata hata ukiwa mfupi kama zulia. Nimesema mimi, kaandika yeye. Chini litakaa jina la mtaalamu. Moja!

Nisimsingizie: alimwomba Mkuu tuandikwe wote wawili. Mkuu kasema nafasi haitoshi. Nimelipima bango. Mita mbili na nusu kwa moja na robo. Haitoshi wapi? Lakini kilichoniuma zaidi ni yeye kuniombea. Afadhali angeninyima.

Ijumaa, 8 Machi
Kakosea! Nimecheka peke yangu stoo.

Kiwanja cha saba kakiandika nyasi mishale, ile yenye mbegu za ncha zinazochoma ngozi na macho ya wanyama. Kashauri kifyekwe chote kabla haijazaa. Trekta litaingia Jumatatu. Mkuu kasaini.

Wapi! Kiwanja cha saba ni nyasi nyekundu, swala hawana inayoizidi kwa utamu. Na sasa hivi wamelaza watoto humo. Niliwahesabu juzi: tisa. Mtoto wa swala hakimbii. Hujibana chini kimya, hata trekta likimjia.

Zikiwa changa hizi mbili ni pacha: shina la kila moja limebapa kule chini. Hadi zichanue ndipo zinaachana. Mimi kile kiwanja nimekiona kikichanua mara kumi na tisa.

Nitasema Jumatatu, mbele ya wote, trekta likiwa limeshawashwa. Tuone jicho gani halioni.

Jumamosi, 9 Machi
Kanikuta asubuhi chumba cha magazeti. "Dada, kiwanja cha saba kilinitatiza. Sikuyaamini macho yangu, nikalinganisha na karatasi yako namba 41. Yako haikosei." Akanipiga begani, akatoka.

Nimeitoa. Kibandiko, mwandiko wangu: nyasi mishale. Mmea wenyewe — nyekundu! Nimetoa 42. Kibandiko nyekundu, mmea mishale.

Nimekumbuka. Mwaka ule wa mvua nyingi nilikuwa nabadilisha magazeti yaliyolowa kila siku. Vibandiko naviweka pembeni, narudisha baadaye. Nilizikausha changa makusudi, watu wajifunze kuzitambua kabla hazijachanua. Watu wajifunze! Miaka kumi na moja zimelala hivyo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nimevibandua vyote viwili. Viko hapa, juu ya daftari hili, na chupa ya gundi iko wazi. Kuvibadilisha ni dakika mbili. Kosa litakuwa lake peke yake. Nani atajua? Yeye atajua. Atadhani alisoma vibaya. Ndivyo alivyo, atajilaumu mwenyewe, na bado atasema yangu haikosei.

Nje kuna muungurumo. Jumamosi, trekta la nini?

Yuko dirishani, lenzi inamning'inia. Mkuu kasema kesho kutwa kutanyesha, wafyeke leo. "Njoo basi dada, utuoneshe mpaka wa kiwanja cha saba. Dereva anasema bila wewe atapotea."

Nimemjibu naja. Anauliza mbona nina gundi mbichi mikononi.