Mzigo wa Majaribio

Nyumba yenye Geti la Bati,
Nyuma ya Karakana ya Malori.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mpwa wangu Honi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima wa afya na koti lako limefungwa vifungo vyote. Kikohozi kile kimekuacha? Na mgongo je? Kiti cha lori jipya huwa kizuri wiki ya kwanza tu, baadaye kinaanza kukudai. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Presha yangu imeshuka. Daktari aliniambia hivyo huku akitabasamu, na mpaka leo sijaelewa alikuwa anatabasamu nini. Mkazamjomba wako hajambo, anasema siku hizi nashuku hata chumvi. Mama yako goti limepungua kuuma, anapanda ngazi bila kushika ukuta.

Barua hii anakuletea binti wa fundi matairi, yule anayerudi chuoni huko. Sikutaka kukupigia. Simu unayotumia umepewa na kampuni, na mimi mtu akinipa simu bure najiuliza sikio la pili liko wapi. Bahasha nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nimepitisha solotepu. Ukiikuta imechanika usimlaumu binti wa watu kabla hujamwuliza, lakini mwulize.

Nianze na huo msamaha wako wa leseni. Siku ya kutuaga ulikaa kwenye mkono wa kochi la mama yako, ukatueleza taratibu mpaka hata mkazamjomba wako, asiyejua gia wala klachi, akaelewa. Kwamba nchi hiyo haimruhusu mtu kuendesha lori kubwa bila leseni yao, na kuipata ni masomo na mitihani ya miezi. Lakini viwanda vya malori huleta madereva kutoka nje wajaribu magari mapya kabla hayajauzwa, na madereva hao wamesamehewa, wanaendesha kwa leseni za kwao. Sharti ni moja: gari liwe la majaribio, na ndani kusiwe na mali ya mteja. Mzigo wake ni vipande vya zege, vimepangwa ili gari lisikie uzito. Hayo ni maneno yako, mimi nayarudia tu.

Wote walifurahi. Mimi nilikunywa chai yangu kimya, kwa sababu serikali ikimsamehe mtu kabla hajakosa, lazima nijiulize kuna nini. Mama yako akaniambia nina roho ya kwa nini. Nikaomba chai nyingine, maana safari ilikuwa ya kesho yake na sikutaka uondoke na ugomvi masikioni.

Halafu zikaja picha. Ya kwanza umesimama mbele ya lori jeupe, umevaa fulana ya njano inayong'aa, meno yote nje. Mama yako aliangalia meno. Mimi niliangalia tairi. Zilikuwa zimetuna chini, springi za tela zimelala kabisa, na turubai limefungwa kwa kamba zilizovutwa na mtu mwenye haraka. Nikasema sawa, ndilo zege hilo, zege ni zito.

Ya pili uliituma baada ya siku chache. Lori lile lile, namba ile ile, umeegemea mlango. Safari hii kati ya tairi na madigadi ningeweza kupitisha mkono ulioshika kikombe. Turubai limekunjwa, limewekwa nyuma ya kichwa cha lori. Nikamwambia mdogo wako aikuze picha, akaikuza mpaka ikawa ukungu mtupu, lakini nilikuwa nimeshaona. Springi zimejikunja juu kama paka aliyeona mbwa.

Nilijitahidi kuwa mtu mwema, Honi. Nilikwenda kwa fundi springi nikamwuliza kama magari ya majaribio huendeshwa pia yakiwa matupu. Akasema ndiyo, lazima, gari lipimwe likiwa na uzito na likiwa halina. Nikarudi nyumbani nimetulia. Nilikula vizuri, nikacheka na watu, mkazamjomba wako akadhani naumwa.

Utulivu ule uliharibiwa na mama yako mwenyewe, bila kujua. Alikuja kunisifia jinsi unavyochapa kazi. Akasema siku ile ulipochelewa kumpigia ulimwomba radhi kabisa: "Samahani mama, nilikuwa kwenye foleni ya kushusha." Yeye alifurahi kwamba mwanawe bado ana adabu. Mimi ilibidi nikiweke kikombe chini.

Foleni ya kushusha. Mimi nusu ya umri wangu nimeilalia kwenye foleni hizo, nikiwa nimevua viatu, miguu dirishani. Pale kuna ghala, kuna mlinzi wa geti anayejifanya hakujui, kuna karani mwenye kalamu sikioni, na kuna mwenye mali anayesubiri mali yake. Zege la majaribio mwenyewe nani? Na linasubiriwa na nani mpaka watu wapange foleni?

Basi nikavaa shati la kutokea nikaenda kwa Bwana Mkoba, wakala wenu. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro. Viti bado vina nailoni za dukani, ukikaa vinalia, na ukutani kuna kalenda ya mwaka jana. Aliponiona alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Mzee, karibu sana. Binti yenu ni nyota huko, wanamsifu hao."

"Anabeba nini?" nikamwuliza.

"Anajaribu magari, mzee."

"Hilo nalijua. Nauliza tela lina nini."

"Ah, mambo ya kiufundi hayo wanayajua wenyewe kule. Sisi hapa ni daraja tu, watu wanapita."

"Na daraja likivunjika?"

Akacheka kabla sijafika mwisho wa swali. Akanimiminia maji baridi, akaniuliza niliwahi kuendesha magari ya aina gani, akanisifia kwa kila nililolitaja, hata lile bovu. Maji yake sikuyanywa, ingawa kiu nilikuwa nayo. Nilipofika mlangoni ndipo akanitupia maneno ambayo sijayameza mpaka leo. "Mzee, mhimize mdogo wake naye asichelewe safari. Nafasi ile dada yake amemshikia mwenyewe."

Nilishuka ngazi zile nimeshika ukuta, mimi ambaye goti haliniumi.

Nilimfuata mdogo wako moja kwa moja. Nilimkuta anaosha lori la mchanga kwa mara ya mwisho, maana kazini ameshaaga. Nikamwuliza nani amemwambia habari za kwenda huko. Akasema kwa raha zake, "Dada kasema kazi safi, mjomba. Kasema nije tu." Ameshanyoa nywele. Ameshanunua begi la magurudumu, analivuta sebuleni kuona kama linakwenda sawa. Safari ni mwisho wa mwezi huu.

Sasa nisikilize, maana hapa siandiki kama mtu mwenye mashaka ya kawaida. Msamaha ule unakulinda ukiwa unajaribu gari. Ukishaweka mali ya mteja ndani, huna msamaha wala leseni. Wewe ni mtu wa nje aliyeshika usukani wa lori lililojaa, barabara ya watu. Siku Mungu asipopenda ukamgonga mtu, bima haitakujua. Kampuni itasema ilikutuma kujaribu gari, na huo mzigo uliuokota mwenyewe. Bwana Mkoba atasema yeye ni daraja. Atakayevalishwa pingu ni mwenye usukani, na wewe huko huna mjomba wa kukuletea hata sabuni. Nilikuwa na mwenzangu, dereva mzuri kuliko mimi, aliyewekwa mahabusu mpakani kwa mzigo ambao hakuupakia yeye. Alipotoka, mtoto aliyemwacha mgongoni kwa mama yake alikuwa anakwenda shule. Hakushika tena usukani mpaka tulipomzika.

Nilikaa kukuandikia barua ya kukuonya. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani: wanakuficha, wanakupakilia vitu usiku wewe umelala, fungua macho. Nikaandika salamu, nikaandika habari za goti la mama yako, kisha kalamu ikagoma.

Nilikumbuka ule mwaka uliposema unataka kuwa dereva na mama yako akalia. Nilikufunga macho kwa kitambaa cha mkazamjomba wako, nikakupandisha kiti cha pembeni, nikaendesha mimi pale kwenye uwanja wa karakana. Kazi yako ilikuwa kuniambia lori lina nini: tupu, nusu, au limejaa. Hukukosea. Ulisema unausikia mzigo kiunoni, gari linapoanza kuondoka tu. Mara moja ukaniambia umeelemea nyuma upande wa kushoto. Nilishuka kwenda kuangalia, na kweli, vijana wa kupakia walikuwa wameupanga vibaya, nami mwenye gari sikuwa nimejua. Niliwasimulia madereva wote. Wengine walinikimbia wakiniona nakuja, wakijua hadithi ni ile ile.

Mtu aliyejua hayo akiwa amefungwa macho, leo nimwambie nini? Nimwambie anadanganywa kuhusu anachobeba?

Kwa hiyo unajua, Honi. Nimeliandika neno hilo na nimekaa nikilitazama. Limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Sijui walikuanzaje. Labda ilikuwa mara moja tu, wakakuomba kama rafiki anavyoomba lifti. Labda walikutisha kwamba ukikataa watakurudisha, ukafikiria uso wa mama yako na wangu, ukaona haya. Mimi haya hayo nayaelewa, na kama ungekuwa peke yako ndani ya jambo hili ningekuandikia maneno laini. Lakini umemwita mdogo wako. Ama hukufikiri, na wewe si mtu wa kutofikiri, ama wamekuambia ulete mwingine ndipo wakuachie upumue. Sijui lipi ni baya zaidi. Nimekasirika, na sitaki kujifanya sijakasirika.

Sasa nikuambie nilichofanya. Pasipoti ya mdogo wako iko kwangu. Niliichukua kwenye kabati la mama yako siku nilipokwenda kumtengenezea bawaba, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaitia kwenye kopo la grisi, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii mwenye hamu ya kutia mkono. Nyumba nzima inaitafuta. Mama yako amegeuza magodoro, amehamisha friji. Mdogo wako hali, halali, anasema bahati imemkimbia. Nami nimeshiriki kuitafuta, nimepiga magoti chini ya kitanda pamoja nao, nikitoa maoni. Mungu anisamehe, na mama yako akijua sijui kama yeye atanisamehe.

Nataka jibu lako. Azima simu ya mtu asiye wa kampuni, au andika mstari mmoja umpe binti wa fundi matairi. Niambie siku ile ya foleni tela lilikuwa na nini. Sihitaji mengine.

Ukisema ilikuwa mali ya mtu, pasipoti itabaki kwenye grisi. Mdogo wako atanichukia, nitavumilia. Na wewe weka ufunguo mezani kwao, urudi. Njoo na begi, njoo bila begi. Nitakuja kukupokea mwenyewe na sitakuuliza neno njia nzima, nawe unajua kwangu mimi huo ni mzigo mzito kiasi gani.

Ukisema ilikuwa zege, nitakuamini. Hapo ndipo ninapoogopa, Honi. Watu wote nawashuku, nimezoea, ni kama kupumua. Lakini wewe sijawahi kukushuku mpaka wiki hii, na nimeona kwamba siiwezi kazi hiyo. Ukiniandikia zege, nitakwenda kwenye lile kopo, nitaifuta pasipoti vizuri kwa kitambaa, nitampa mdogo wako mkononi, na siku ya safari nitambebea begi lake mpaka mlango wa gari. Kwa hiyo fikiri kwanza ndipo ushike kalamu.

Mkazamjomba wako anakusalimu sana, amekuwekea kitenge ambacho hataki nikiguse. Fundi springi anakusalimu, wala hajui kwa nini nilimwuliza. Mama yako anasema ufunge koti na usile vitu vya baridi. Mdogo wako naye anakusalimu, anasema akifika anaomba kitanda cha karibu na chako.

Mungu akutangulie kila kona, akuoneshe shimo kabla ya tairi, na akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli.

Wako akupendaye, hata wiki hii,

Mjomba.