Kikombe chenye Uzi

Namuar,

Nimeenda kusafishwa damu. Maharagwe yako jikoni, yaongeze maji. Wembe na mswaki wangu usiguse. Na leo uende uchanjwe!

Asubuhi nimekuta umefunga uzi mwekundu kwa kikombe changu, kama mimi ni mbuzi mgonjwa. Hospitali kunipa mashine ya peke yangu ni sawa, homa ya ini iko kwa damu. Lakini nesi alikuambia haipiti kwa chai. Hiyo mashine imeshanifunga hapa Lodwar, kwa mama yangu kule Kataboi siendi tena. Na wewe unanifunga?

~~Nitakula kwa jirani.~~ Niwekee chakula.

Chai iko kwa thamosi, kikombe changu kiko hapa mezani. Uzi nimetoa. Vikombe vingine vyote nimefungia kabatini, na ufunguo niko nao.

Mama yako