Jagi la Hester Pardoe wa Mganda wa Ngano

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu asubuhi ile binti yako Tamsin aliposhuka ngazi akakuta moto haujawashwa. Kabla hajakuita alikwisha kujua. Katika nyumba hii moto haukuwahi kumsubiri mtu mwingine.

Tunakulilia bado. Tusidanganyane kwamba tumezoea.

Wewe ndiye uliyeifanya baa yetu ya Mganda wa Ngano ibaki kama wazee walivyoiacha: mabenchi yenye migongo mirefu, sakafu ya mawe iliyobonyea mlangoni kwa viatu vya wafuga kondoo, dari iliyogeuka rangi ya chai kwa moshi. Kaunta hukuitaka. Bia uliichota kwenye pipa chumba cha nyuma, kwa jagi lako jeupe lenye ukingo wa buluu, ukaipitisha kidirishani. Mtu akigonga kidirisha mara mbili, ulimjibu ukiwa huko huko: "Nakuja, miguu yenyewe ni miwili tu!" Mwenye njaa ulimkatia mkate na jibini. Mwenye msiba ulimwachia kiti cha karibu na moto, na hukumuuliza lolote.

Na vile vikombe! Kila mteja wa siku zote ana chake, na kila kikombe kina ndoano yake kwenye boriti. Mwenyewe akifa, kikombe hugeuzwa mdomo ukaelekea ukutani, wala hakiguswi mpaka mwaka uishe. Kisha hushushwa, hujazwa, kila mtu huonja, na anayekitaka hukiomba mbele ya watu. Ndivyo ulivyotulea.

Siku ya maziko tulirudi kutoka kanisani tukatafuta kikombe chako. Hakikuwepo. Umewanywesha watu humu maisha yako yote, na hukujiwekea hata ndoano. Hilo lilituumiza kuliko jeneza. Tamsin, macho yamejaa machozi, alilichukua jagi akalitundika kwenye boriti.

Mzee Reuben Tandy, mteja wako wa tangu ujana, akakohoa.

"Binti, umelitundika jagi."

"Ndiyo, Mzee Reuben."

"Sasa bia tutachotewa na nini?"

Tamsin akatazama juu, akatutazama sisi. Kilichotundikwa kwa ajili ya marehemu hakishushwi kabla ya mwaka.

"Kuna chai," akasema.

Denzil, mwanao, alileta jagi jipya kutoka mjini. Reuben akaligeuza-geuza. "Hili ni la kuwekea maua," akasema, na hakuna aliyekubali kunywa kilichotoka humo.

Basi mwaka mzima, Mama, nyumba yako imeuza chai. Walikuja wote, wakanywa, wakanung'unika. "Ya leo kali," Reuben alikuwa akisema, "nishikeni nikisimama." Tulicheka, kisha tukaenda kulia chumba cha nyuma.

Lakini chai haitengenezi paa. Akaja mnunuzi, akigonga-gonga kuta kwa kidole. Alitaka kuuvunja ukuta wa kidirisha aweke kaunta ndefu. Denzil alikuwa tayari kuuza, na hatumlaumu. Alisema hawezi kuingia humu bila kukutafuta kwa macho. Tukakubaliana kwamba mwaka ukiisha jagi litashushwa, na asipotokea wa kuliomba na kushika nafasi yako, nyumba iuzwe.

Leo mchana tumelishusha. Likajazwa, likazunguka, kila mtu akaonja. Kisha likawekwa mezani tukangoja. Hakuna aliyeliomba. Nani angethubutu kukaa pale pako? Denzil akachukua kofia yake. Tamsin akalibeba jagi kwenda kuliosha, akafunga kidirisha nyuma yake.

Hapo Reuben akainuka, sijui kwa mazoea au kwa makusudi, akagonga mara mbili.

Mama, tulikungoja. Watu wazima, tuliokuzika kwa mikono yetu wenyewe, tulitulia tukasubiri sauti yako. Denzil alijifunika uso kwa kofia. Ndipo sauti ya Tamsin ikatoka, inakatika-katika:

"Nakuja. Miguu yenyewe ni miwili tu."

Kidirisha kikafunguka. "Na jagi naliomba mimi," akasema, uso umelowa.

Haikuwa sauti yako. Hatutaisikia tena ile yako, na hakuna jagi litakaloturudishia. Lakini bia imechotwa, na mnunuzi ameambiwa asije.

Unakumbukwa na wanao Tamsin na Denzil, mjukuu wako Bryony, mdogo wako Myrtle, Mzee Reuben, na wote wenye vikombe kwenye boriti.

Jioni hii Denzil amepigilia ndoano moja mpya, karibu na moto. Haina kitu. Ni yako, Mama, na maadamu sisi tu hai hakuna atakayetundika chochote hapo.