Picha ya Elia Kisimani

Jumatatu, 2 Februari
Nimemfungia Elia mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai, nikamsindikiza hadi kona. Wiki ya tatu ya ndoa na bado namsindikiza. Majirani hapa Kasulu wanacheka. Wacheke. Mume wangu ni bwana afya, na kipindupindu kimeingia Kitanga. Kutwa anasimama kisimani akitia dawa kwenye ndoo za watu.
Mchana mwenzake kanitumia picha yake. Barakoa, glavu, mkono juu ya ndoo. Mzuri hata akifunikwa uso. Nikairusha kwenye kundi la simu la kamati ya harusi, ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunga. Nusu yao ni watu wa Kitanga. Nikaandika: mume wangu kazini.

Jumanne, 3 Februari
Picha imerudi. Jirani kanionyesha kwenye simu yake. Sasa ina maneno: "Huyu anatia sumu visimani. Kipindupindu kinatoka kwenye dawa yake. Watumie unaowapenda." Na sauti ya mwanaume asiyejitaja, kwa Kiha, akilia.
Nina hasira. Nina aibu pia, maana picha imetoka kwangu. Elia kasema, "Wewe ulituma picha. Uongo kautia mwingine." Nampenda mno.

Jumatano, 4 Februari
Kitanga wamemkataa. Kule mkisalimiana mnapigiana makofi taratibu. Leo kawapigia wanawake kisimani, mikono yao ikabaki ndani ya khanga. Ndoo zikapita bila dawa. Jioni mtoto mmoja kafikishwa zahanati, macho yamezama. Yu hai. Elia hakula.
Shangazi kapiga simu kutoka Kumsenga, kwetu Kibondo.
"Mwanangu, mumeo katumwa na nani?"
"Shangazi, si ulimchezea ngoma harusini wewe?"
"Nilicheza. Sikujua mkononi anashika nini."
Nimemkatia simu. Sijawahi.

Alhamisi, 5 Februari
Nimeandika maelezo marefu kundini, safi kabisa, kama insha ya kidato cha nne. Picha inaendelea kuzunguka. Watu wanaamini sauti ya mtu, si insha.
Nikiwa nasugua sufuria ndipo nikakumbuka maji ya harusi. Mapipa yote, ya pilau na ya kunywa, Elia aliyatia dawa mwenyewe asubuhi ile, suti ikimsubiri. Na aliyesimamia vinywaji ni nani? Shangazi. Nikampigia.
"Ile dawa niliyomshikia mkwe?" akauliza. "Ndiyo hii?"
"Ndiyo hiyohiyo."
Kisha: "Basi toka kwenye simu, nina kazi."
Kabla sijaivisha maharage sauti yake ikaingia kundini, kwa Kiha: "Ni mimi, shangazi wa bibi harusi, wa Kumsenga, mnanijua. Maji ya harusi yalikuwa na dawa hii, niliishika kwa mkono wangu. Mlikunywa wote. Pilau mlikula, na nyingine mkafunga mkaenda nayo. Nani aliugua? Aseme. Na wewe unayelia bila jina, kwenu ni wapi?"
Nimecheka peke yangu jikoni hadi machozi. Kamati wanaisambaza kwa bidii ileile waliyodaia michango. Nina imani. Shangazi akisema, anasikika.

Ijumaa, 6 Februari
Ndoo chache. Lakini ndoo.

Jumapili, 8 Februari
Mvua tangu alfajiri. Hatukwenda kanisani.
Nasikia picha inazunguka bado, sasa wanadai ilipigwa Kakonko. Itazunguka. Ila jana mama wa yule mtoto wa zahanati alifika kisimani wa kwanza. Akaweka ndoo mbele ya Elia, hakumtazama, akasema, "Tia." Wengine wakajipanga nyuma yake. Mtoto ameanza kunywa uji.
Elia amelala mchana huu, mdomo wazi kidogo. Viganja vinanuka dawa hata baada ya sabuni. Nimelala pembeni yake, nikakishika kimoja.